Pinti ya Nani?

Siku hizi Nairobi watu wanauziana kopi za vitabu vya kale vya manukato, fomula zimezungushiwa kalamu nyekundu, na ahadi juu: fuata neno kwa neno, utoke na chupa ya kuuza. Neno kwa neno! Haya, tuanze na neno moja: pinti, kipimo cha vimiminika.

Piesse, mtengeneza manukato, alikuwa London; kitabu chake The Art of Perfumery kilitoka 1855. Pinti yake ni mililita 568. Ya Marekani, ambayo simu inaweza kukutolea bila kukuuliza, ni 473. Pima mafuta ya harufu alivyosema, mimina spiriti (alkoholi ya kuyayeyushia) kwa pinti ya Kimarekani, na ukali umezidi kwa asilimia 20. Halafu lawama apewe muuza mafuta.

Spiriti ndiyo balaa lenyewe. Kitabu kinataka ya 60 juu ya prufu, kipimo cha zamani cha ukali wa pombe. Prufu ya Uingereza ni alkoholi asilimia 57.1, ongeza asilimia 60 ya hiyo, unafika kama 91. Nyinyi mnakwenda duka la dawa kuchukua ya asilimia 70! Ukitia mafuta kwa wingi humo, chupa inageuka maziwa, kwa sababu maji yanayasukuma mafuta nje. Mnachuja, na kinachobaki kwenye karatasi ni harufu mliyoilipia. Tafuteni ethanoli ya 95 au 96 isiyo na methanoli. Maji, kama lazima, yaje mwisho, tone kwa tone. Ukungu ukianza, simama, rudisha spiriti kidogo hadi pang'ae. Friji siku tatu, kisha chuja ingali baridi.

Na tumieni mizani, jamani. Mililita 10 za mafuta ya bergamoti, tunda la jamii ya limau, ni kama gramu 8.8, si 10. Bergamoti hiyohiyo ikikamuliwa ina bergapteni, inayounguza ngozi juani, jambo ambalo Piesse hakulijua: nunua iliyoondolewa bergapteni, au isizidi asilimia 0.4 ya chupa.

Zabadi (ute wa fungo) na miski ya mnyama, sahau. Sandali ya Piesse ni ya India, si ile ya Samburu, ambayo ni mti mwingine.

Sawa, sura ya kitabu inayohusu kutoa harufu ya maua kwa shahamu bado ina maana, nakubali shingo upande. Asumini hutandazwa juu ya shahamu baridi na kubadilishwa kila siku, kwa kuwa ua hilo huendelea kunukia hata likishachumwa. Asumini, lakini! Waridi la City Market limekuzwa listahimili safari ya ndege, si linukie. Litandaze mwezi mzima, utapata shahamu inayonuka majani.