Mlezi wa kambo Kigoma: serikali imlipe au isimlipe?

Kigoma haijakosa watu wa kulea watoto wasio wao. Hata sheria ipo. Ugomvi unaanzia pale mtoto anapofika nyumbani: anakula, anaugua, anatakiwa shuleni, na ofisi ya ustawi wa jamii iliyopitisha malezi hayo haina fungu la kumsaidia yule aliyempokea.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na kanuni za malezi ya kambo zilizoifuata, zinamruhusu mtu mzima mwenye mwenendo mwema kumlea mtoto bila kumfanya wake kisheria. Unaanzia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Anakuja nyumbani, anaangalia mtoto atalala wapi, anaongea na mnaoishi nao, kisha taarifa yake inakwenda kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii. Kuasili ni njia nyingine kabisa, inayoishia Mahakama Kuu na kumhamisha mtoto kisheria kutoka ukoo mmoja kwenda mwingine. Kwa Ujiji tofauti hiyo ni kubwa. Familia nyingi za Kiislamu hazitakubali mtoto abadilishwe nasaba, lakini kumlea yatima huku jina la baba yake likibaki ni ibada waliyoikuta kwa wazee wao. Malezi ya kambo yanawafaa hasa.

Tatizo ni kwamba sheria hiyohiyo inamtwika mlezi matunzo yote, kana kwamba amemzaa mtoto, bila kumpangia posho ya mwezi. Wanaotaka alipwe wana hoja nzito. Ada ya shule ya msingi iliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000 na ya sekondari ya chini kuanzia 2016, lakini sare, madaftari na viatu havikuondolewa. Bima ya afya ya jamii (CHF) iliyoboreshwa ilipoanza, kaya ya watu wasiozidi sita ililipa shilingi 30,000 kwa mwaka. Kwenye nyumba ya baba, mama na watoto wanne, mtoto wa kambo ni wa saba. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri inaweza kumfikia mama mlezi akiwa kwenye kikundi, ila huo ni mkopo, na mkopo unarudishwa.

TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, ndiyo inayoniuma zaidi. Mpango wake wa kunusuru kaya maskini unatazama umaskini wa kaya, hautazami kama kaya imepokea mtoto. Afisa ustawi naye, kwa haki kabisa, anataka nyumba yenye uwezo wa kumlea. Kwa hiyo mwenye hali ya kuingia TASAF ana hatari ya kukataliwa kwenye ukaguzi, na aliyepita ukaguzi huenda asiingie TASAF. Mlezi anabaki katikati, na serikali inamshukuru kwa mdomo.

Wanaopinga posho nao wasipuuzwe. Ukanda huu unajua mtoto anavyoweza kugeuzwa mikono ya kazi. Mashamba ya tumbaku ya Urambo na Kaliua, mkoa jirani wa Tabora, yamekuwa na historia ndefu ya ajira za watoto, na kwenye mialo ya Tanganyika kazi ya dagaa haiulizi umri. Ukiongeza fedha ya kila mwezi juu ya mtoto ambaye tayari anaweza kufanyishwa kazi, utawavuta watu ambao moyo haukuwaita. Afrika Kusini, ambako ruzuku ya malezi ya kambo hulipwa kwa amri ya mahakama na ni kubwa kuliko ruzuku ya kawaida ya mtoto, bibi na mashangazi waliokuwa wakilea wajukuu na wapwa siku zote walimiminika mahakamani ili waitwe walezi wa kambo. Maafisa ustawi wakazama kwenye makaratasi, amri zikaisha muda bila kuhuishwa, na mwaka 2011 ikabidi Mahakama Kuu ya huko iingilie ili watoto wasikatiwe malipo. Tena nchi hiyo ina uwezo kuliko sisi.

Na bibi wa Kasulu je? Anayelea wajukuu watatu tangu mama yao afariki hana barua ya Kamishna wala hajui kama ipo. Tukimlipa mwenye barua tu, tumemwadhibu yeye kwa kutangulia kufanya lililo jema.

Kwa hiyo sioni posho ya jumla kuwa jibu kwa sasa. Gharama za mtoto zilipwe moja kwa moja, yaani kadi ya bima na mahitaji ya shule, kwa kila mtoto anayelelewa nje ya wazazi wake na kutambuliwa na serikali ya kijiji au mtaa, awe kwa mlezi wa kambo au kwa bibi. Fedha nyingine iende kwenye miguu ya afisa ustawi. Katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, watoto waliovuka mpaka bila wazazi wamewekwa kwenye familia za wakimbizi wenzao, na wahudumu wa ulinzi wa mtoto hupita kuwaangalia. Ukitoka nje ya kambi, kata nyingi hazina hata afisa mmoja, na wa halmashauri ya Uvinza akitaka kufika Kalya, mwambaoni, anahitaji usafiri na posho ya safari ambavyo mara nyingi havipo. Mlezi asiyetembelewa hana wa kumwuliza mtoto anapoanza kutoroka usiku. Mtoto anayeteswa naye anabaki na namba 116, ya simu ya msaada kwa mtoto, kama kuna simu ya kupigia.

Hata hivyo kuna watoto ambao msimamo wangu hauwatoshi. Mtoto mchanga aliyeachwa anahitaji maziwa ya kopo, na bei yake inamaliza kipato cha mkulima wa kawaida. Mtoto mwenye ualbino anahitaji losheni, kofia, miwani na ulinzi. Wapo waliokaa miaka kituoni Kabanga, Kasulu, kwa kukimbia mauaji, wakati walistahili kukua ndani ya familia. Kwa hawa, serikali impe mlezi fedha taslimu kila mwezi, tena ianze bajeti ijayo. Hawapo wengi kiasi cha kuishinda hazina, na kituo kinachowatunza sasa nacho kinakula fedha.