Siku 15, kisha siku 15 nyingine: usalama wa Kivu na mipango mifupi

Tarehe 6 Mei 2021 utawala wa kijeshi ulianza Kivu ya Kaskazini na Ituri, mikoa ya mashariki mwa Kongo (DRC), kwa siku 30. Ibara ya 144 ya Katiba inaruhusu kuurefusha kwa siku 15, kisha 15 nyingine, na ndivyo ulivyorefushwa mara baada ya mara. Gavana ambaye kwenye karatasi ana siku 15 mbele yake hajengi kambi, wala ghala, wala barabara. Anapanga operesheni, kwa kuwa ndiyo pekee inayotosha ndani ya muda huo.

Tangu Goma, mji mkuu wa Kivu ya Kaskazini, uanguke mikononi mwa waasi wa M23 tarehe 27 Januari 2025, mjadala umekuwa huu: je, Mashariki inapotea kwa sababu wakubwa wanafikiri karibu, au kwa sababu adui hakuwahi kuwapa nafasi ya kufikiri mbali? Hakuna upande unaoweza kupuuzwa.

Mwaka 2008 unaonyesha mgongano huo vizuri. Mwezi wa pili, waziri wa ulinzi Chikez Diemu alieleza mpango wa kujenga jeshi kwa ngazi: kwanza kikosi cha kuingilia haraka, kufikia 2010, na mwisho kikosi kikuu cha ulinzi, kati ya 2015 na 2020. Mwezi wa kumi mwaka uleule, CNDP, kundi la waasi la Laurent Nkunda, ilikuwa mlangoni mwa Goma na askari wa serikali walikuwa wanakimbia mji. Nani angethubutu kumwambia mama wa Birere, mtaa wa Goma, asubiri 2020?

Yakafuata mapatano ya haraka. Januari 2009 wapiganaji wa CNDP walianza kuingizwa jeshini, na tarehe 23 Machi mkataba ukatiwa saini. Utaratibu wa awali, brasaji, ulikuwa wa kumtenga mpiganaji na kamanda wake, kumweka kituoni siku 45, kisha kumtuma katika brigedi iliyochanganywa. Safari hii hatua hizo zilirukwa. Watu walibadilishiwa sare wakabaki na makamanda walewale, katika maeneo yaleyale, na baadhi ya silaha zikabaki mafichoni. Bunduki zilinyamaza mlangoni mwa Goma, na aliyekuwa mjini siku zile hawezi kuliita hilo jambo dogo. Lakini Kinshasa ilipotaka kuwahamishia nje ya Kivu, walikataa. Aprili 2012 wakaasi, na tarehe 20 Novemba wakaingia Goma. Jina lao, M23, ni tarehe ya mkataba uliokuwa umeuokoa mji.

Wanaotetea hatua fupi wana ushahidi wenye nguvu zaidi: 2013. Azimio 2098 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda brigedi ya watu 3,069 kutoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, kwa mwaka mmoja, na azimio lenyewe likasema ni hatua ya pekee isiyoweka mfano. Mwishoni mwa Oktoba Kibumba, Rumangabo na Bunagana zilirudi mikononi mwa serikali ndani ya siku chache. Tarehe 5 Novemba M23 ilitangaza mwisho wa uasi. Mpango wa miaka kumi usingefanya hivyo.

Kosa lilikuja baada ya shangwe. Kanali Mamadou Ndala, mmoja wa makamanda wa ushindi huo, aliuawa karibu na Beni tarehe 2 Januari 2014. Jenerali Lucien Bahuma, kamanda mwingine, alifariki Agosti mwaka huohuo. Jeshi lililoshinda kwa kutegemea watu wachache hivyo lilibaki kama yatima. Wapiganaji waliokimbilia Uganda na Rwanda walikaa wakingoja matamko ya Nairobi ya Desemba 2013 yatekelezwe, na utekelezaji ukadorora. Novemba 2021 risasi zililia tena Runyonyi na Chanzu, milima ileile iliyokuwa ngome zao mwaka 2013.

Tuliangalie jambo hili kwa magunia. Batalioni moja ya askari 600, kila mmoja kwa kilo moja ya chakula kikavu kwa siku, inakula kilo 600: tani 18 kwa mwezi, kabla ya kuhesabu maji, risasi na dawa. Hayo ni malori mawili ya tani 10 kila mwezi, mvua inyeshe isinyeshe, na lazima awepo mtu anayejulikana kwa jina wa kujibu yakichelewa. Operesheni ya wiki mbili inaweza kusukumwa kwa akiba. Mwezi wa tatu wa operesheni akiba haipo. Lori lisipofika, bariyeri ya askari inasimama barabarani, na mama anayetoka shambani analipa kwa muhogo au mkaa. Siku ile anaacha kuwaambia askari nani alipita msituni usiku, na jeshi linabaki kipofu katika eneo linalodai kulilinda.

Mafunzo peke yake hayazibi pengo hilo. Batalioni ya 391 ilifunzwa na Wamarekani Kisangani mwaka 2010. Novemba 2012 ilikuwa kati ya vikosi vilivyorudi nyuma hadi Minova, na Umoja wa Mataifa uliitaja katika ubakaji wa raia uliofanyika pale.

Vikosi vya kukodi na vya kualikwa navyo vina saa zao. Jeshi la Afrika Mashariki lilifika Novemba 2022 likaondoka Desemba 2023. SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ikaingia mwezi huohuo, na ujumbe wake ukasitishwa Machi 2025. Mgeni akianza kujua njia za Masisi, wilaya ya Kivu ya Kaskazini, anafunga mizigo.

Kazi ya subira ipo, ila haipigiwi makofi. EUSEC, ujumbe wa Umoja wa Ulaya wa 2005 hadi 2016, ilihesabu askari, ikawapa kadi, ikasaidia kutenganisha mkono unaoamuru na mkono unaolipa. Naona kazi hiyo ilimfaa askari wa kawaida kuliko operesheni nyingi zilizopewa majina makubwa.

Kwa hiyo silaumu hatua fupi kwa ufupi wake. Mji ukizingirwa, unazima moto kwa ndoo iliyo karibu. Ninacholaumu ni kutia saini hatua ya siku 15 bila kumpa mtu jukumu la siku ya 16, pamoja na bajeti yake. Tarehe 19 Julai 2025 Kinshasa na AFC/M23, muungano wa waasi wenye M23 ndani yake, walitia saini Azimio la Kanuni huko Doha, Qatar, na suala la wapiganaji haliwezi kukwepwa. Orodha ya majina, vyeo na namba za bunduki iandaliwe kabla ya mtu yeyote kuvalishwa sare, na iandikwe humo kambi gani itampokea kila mmoja na nani atapeleka zile tani 18 mwezi wa saba tangu wavalishwe.