Majani ya Oktoba: Ujerumani yanaokotwa, Dar yanafagiwa

Wiki iliyopita mdogo wangu wa Dar kanitumia picha ya karatasi ambayo mwanae karudi nayo kutoka chekechea. Imeandikwa kwa Kiingereza, mwezi huu watoto wanajifunza misimu ya mwaka, kwa hiyo kila mzazi alete majani kumi ya manila, rangi ya chungwa, nyekundu na njano, yawe yamekatwa vizuri. Majani ya karatasi, kuiga yale yanayopukutika Ulaya. Dar. Mwezi wa kumi, jua la kukaanga samaki. Akaniambia "dada we si uko huko kwenye majani yenyewe, nitumie basi kwa posta", tukacheka, halafu nilipokata simu nikajikuta nimekasirika kidogo na hasira haijaisha ndo maana naandika.

Nikampigia tena nikamuuliza, na ule mkungu wa mama uani Temeke je? Aliyekulia Pwani anaujua mkungu, majani mapana kama sahani, yanageuka mekundu ya damu ya mzee kabla hayajadondoka, mengine yanakuwa ya chungwa, mengine nusu kijani nusu nyekundu kama kuna mtu kayapaka kwa brashi, na kila siku alfajiri dada wa kazi anayafagia kwa chelewa anayachoma moto. Mdogo wangu akanyamaza kidogo akasema "we nawe, zile si takataka".

Haya. Mi niko Köln, Ujerumani, mwaka wa sita sasa, nina watoto wawili, mkubwa miaka minne, mdogo miwili na miezi. Na nataka niseme kwa nini watu wa huku wanakatakata na kubandikabandika na kuoka na watoto wadogo kila ikifika Oktoba, maana Dar tunaona picha tu tunadhani wenzetu wanajua sana kulea. Jamani ni baridi na upweke. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zinarudishwa nyuma, katikati ya Novemba saa kumi na moja jioni haijafika jua limeshazama, nje rasharasha haikatiki, we uko ghorofa ya tatu na mzee wa chini anagonga dari yake kila watoto wakikimbia. Hakuna dada, hakuna bibi, hakuna shangazi aliyepita tu kusalimia akakaa mpaka magharibi, mtoto wa jirani haji kucheza mpaka mama yake apange miadi wiki mbili kabla. Kuanzia saa tisa na nusu nikiwachukua chekechea mpaka saa mbili usiku ni mimi, wao na kuta nne, usipotafuta cha kuwashughulisha mikono wataibomoa nyumba au utalia we mwenyewe, na mi nimelia, sifichi.

Mwaka wa kwanza wa kazi hizi na watoto nilikuwa mshamba nikanunua maboksi ya kazi za mikono, kila kitu kimekatwa tayari, macho ya plastiki yamo, yuro kumi na mbili, dakika saba wamemaliza wanadai katuni. Aliyenifungua macho ni mwalimu wa mkubwa, mmama wa makamo, akanambia mpe kikapu utoke naye nje. Basi. Tukatoka na mabuti ya mvua, saa nzima hatujafika hata mita mia mbili maana kila jani lazima liangaliwe.

Kuna mbegu huku zinaitwa Kastanien, zinadondoka msimu huo, kubwa, za kahawia, zinang'aa kama kiatu kilichopigwa kiwi, mi naziita komwe za Kijerumani. Hizi haziliwi, zina sumu, zile zinazofanana nazo za kuchoma na kula ni za mti mwingine kabisa, kwa hiyo yule wa miaka miwili simwachi nazo peke yake hata dakika moja. We mkubwa unatoboa tundu kwa kitu chenye ncha, mtoto anachomeka njiti za kiberiti, nne unapata farasi, nane buibui. Wa kwetu alichomeka njiti kumi na moja akasema ni bibi anafua. Sikuuliza.

Majani yenyewe tunayabana ndani ya kitabu kizito wiki moja mpaka yakauke yanyooke, halafu tunayabandika kwenye chupa tupu ya jamu kwa gundi nyeupe iliyochanganywa na maji, gundi chini gundi juu, usiku ukitia taa ndogo ya betri ndani mishipa yote ya jani inaonekana. Mtoto wa miaka miwili anaiweza hii kabisa maana kazi yake ni kupaka tu. Mkubwa aliuliza hiyo njano imetoka wapi, nikamwambia ilikuwemo siku zote, kijani ndo kilikuwa kinaificha, mti ukijiandaa na baridi unaacha kutengeneza kijani. Akaangalia jani, akaangalia mkono wake, akauliza na mimi nitabadilika?

Sasa hizo taa zina sababu. Tarehe 11 Novemba watoto wa huku wanatembea barabarani usiku na taa walizotengeneza wenyewe wanaimba, ni sikukuu ya Mtakatifu Martin, yule askari aliyekata joho lake vipande viwili akampa maskini nusu. Zamani taa zenyewe walikuwa wanachonga viazisukari vya kulishia ng'ombe wanatoa nyama ya ndani. Mwaka juzi nikampigia mama video tukiwa kwenye msafara, watoto mia na kitu na taa zao, mama akaangaliaaa, akasema "umeme umekatika na huko?" Nikamweleza. Akasema "mwanangu mi koroboi nimeishika miaka arobaini hakuna aliyeniimbia."

Siku hiyo pia wanakula mkate unaitwa Weckmann, umbo la mtu, macho ya zabibu, mkononi ana kiko cheupe cha udongo. Nilipoukanda mara ya kwanza nikacheka peke yangu jikoni, maana ni maandazi yale yale bana. Unga wa ngano, hamira, maziwa ya vuguvugu, sukari, siagi, yai, chumvi kidogo. Mi maziwa nimeyatoa nikaweka tui la nazi na iliki, Wajerumani wa chekechea walikula wakauliza hii ni harufu gani. Na donge ndo kitu watoto wanachokipenda kuliko chochote, mdogo anapigapiga, anavuta, anaangusha chini, mkubwa anatengeneza mtu mwenye vichwa viwili. Unga unakuta mpaka ndani ya soksi. Ila donge bichi wasilambe, na mapambo yale ya unga na chumvi, unga vikombe viwili chumvi kimoja maji kimoja, ni ya kuangalia tu, ile chumvi kwa mtoto mdogo si mchezo.

Hapa sasa ndo nina ugomvi na nyumbani. Kwetu mtoto jikoni ni "toka hapo utaungua". Na mama alikuwa sahihi, jiko la mkaa liko chini, karai la mafuta usawa wa uso wa mtoto, nani akae naye hapo? Lakini kukanda hakufanyiki motoni. Kunafanyika kwenye sinia, mkekani, kivulini. Mi nilianza kukanda nina miaka kumi na moja kama adhabu. Na saivi naona wenzangu wa Dar wana oveni ya gesi, wana meza, mtoto bado yuko sebuleni na simu, na ana miaka minne tu anaandika moja mpaka hamsini na homuweki juu, kaamshwa saa kumi na moja alfajiri kuwahi basi la shule. Huku shule inaanza miaka sita, kabla ya hapo ni matope tu, na kwakweli hilo ningependa tuige, badala yake tunaiga manila ya chungwa.

Maana vitu tunavyo. Sisi tulijipikilisha kwenye vifuu vya nazi, tulitengeneza gari la kopo lenye matairi ya kandambili, tiara tuligundisha kwa uji mzito wa ngano, hakuna mzazi aliyekuwa anapiga picha. Shida tulivyokua tukaona ni mambo ya umaskini.

Desemba iliyopita tulikuja Dar. Asubuhi ya pili nikamzuia dada asifagie, akaniangalia kama nimechanganyikiwa. Watoto watano, wangu wawili na wa wadogo zangu watatu, tukaokota majani ya mkungu, nikawaonesha kushona jani kwa jani kwa njiti za mnazi mpaka inakuwa kofia, tulivyokuwa tunafanya zamani. Hawakuinuka pale mpaka adhuhuri. Halafu makungu tukayagonga kwa jiwe tukala ya ndani, maganda tukayapaka chokaa yakawa mitumbwi.

Jioni tukakanda mtu. Mama mwanzoni alikaa mbali anachambua mchele, anaguna. Ila kuoka hakuna wa kumfundisha yule, mkate wa kumimina ameuoka maisha yake yote, akatuondoa wote akaweka makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko wa sufuria, akasema mtoto yeyote avuke mstari huu aone. Watu watano wakatoka, mmoja kaungua mguu. Wakagombania huyo huyo wa mguu mweusi, mama akamaliza ugomvi kwa kumla yeye.

Mdogo wangu yale majani ya manila ya mwezi huu aliyakata mwenyewe, saa nne usiku, mtoto kalala.

Jana nimepata voisi ya mama, dakika tatu za salamu na msiba wa jirani, mwishoni kabisa: "Na yule mtu wenu, unga nusu kilo, hamira ulitia kiasi gani? Hawa watoto wananisumbua." Nikamwambia kijiko kimoja kikubwa kisijae, tui robo lita liwe vuguvugu, siagi vijiko vitano vikubwa na sukari hivo hivo, na zabibu aweke nyingi maana nusu wataziiba.