Vipele vya Miguuni Haviishi kwa Kusuguliwa

Mtu akilalamika kwamba miguu yake ina vipele, ushauri anaopewa ni uleule: jisugue vizuri. Unanikera, kwa sababu nyuma yake kuna dhana kwamba ngozi isiyo laini ni ngozi chafu, na wengi wameumia kwa kuiamini.

Pitisha kiganja upande wa nje wa paja. Ukihisi vijipele vikavu, vigumu, visivyouma, kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa, huenda ni keratosisi pilarisi. Protini ya ngozi iitwayo keratini huzidi, ikaziba vitundu vya vinyweleo, na kila kitundu kilichoziba kikavimba kidogo. Mara nyingi hali hii hurithiwa, na huzidi ngozi inapokauka. Hapo utasugua nini? Dodoki gumu litakuchubua tu, na kwa mwenye ngozi nyeusi kila mchubuko unaweza kuacha doa la miezi kadhaa. Afadhali losheni yenye yurea au asidi ya laktiki, upake ukitoka tu kuoga, mwili ukiwa bado na unyevu. Inataka subira ya wiki kadhaa, na ukiacha, vipele hurudi.

Vipele vya wembe ni habari nyingine. Unywele uliokatwa, hasa wa kipilipili, hujikunja ukaota kuelekea ndani ya ngozi. Bakteria wakiingia, usaha hutunga. Pumzisha wembe kwa muda, na tafadhali usichokonoe kwa sindano.

Na yale mabondebonde ya mapajani, yaani selulaiti? Nyuzi zilizo chini ya ngozi huivuta ndani huku mafuta yakisukuma juu. Wanawake wengi sana wanayo, wembamba kwa wanene. Sio ugonjwa, na mimi sitoi hela yangu kununua krimu inayoahidi kuyafuta.

Ninaloomba watu wasilipuuze ni tofauti. Vipele vya rangi ya zambarau vinavyowasha kwenye muundi, au mishipa iliyovimba na kujipindapinda, vinahitaji kuonwa na daktari. Mguu mmoja ukivimba ghafla, ukawa wa moto na unauma, usingoje kesho: huenda damu imeganda kwenye mshipa, au maambukizi yameingia ndani ya ngozi. Nenda hospitali siku hiyohiyo, na usiukande.