Yoga, Nyama ya Sokoni na Dhamiri ya Mkristo

Katika mahubiri mengi ya Afrika Mashariki, yoga, yaani mazoezi ya mikao ya mwili, pumzi na kutafakari yenye asili ya India, hutajwa sambamba na uganga na hirizi, kama mlango ambao mapepo hupitia kumwingia mtu. Mwumini mwenye maumivu ya mgongo, ambaye daktari amemshauri ayajaribu mazoezi hayo, hubaki njia panda, kwa maana mchungaji anamwambia kwamba wokovu wake umo hatarini, na mwalimu wa mazoezi anamwambia kwamba ni kunyoosha viungo tu. Naamini kwamba wote wawili wanalipita mbio jambo ambalo Mtume Paulo alilipima kwa uvumilivu mkubwa, kuanzia sura ya 8 hadi ya 10 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho.

Wakorintho walitaka kujua kuhusu nyama iliyotolewa sadaka kwa sanamu. Paulo aliwaruhusu kula kila kiuzwacho sokoni bila kuuliza-uliza kwa ajili ya dhamiri. Lakini mtu akiwaambia waziwazi kwamba kitu hiki kimetolewa sadaka, wasile. Na kuishiriki meza ya Bwana pamoja na meza ya mashetani alikukataa kabisa. Nyama ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni mahali ilipoliwa, maneno yaliyosemwa juu yake na ushirika ambao mlaji aliuingia kwa kuila.

Kwa kipimo hicho, wanaoipinga yoga wana hoja ambayo haifai kubezwa. Katika mafundisho ya Patanjali, mwalimu wa kale wa Kihindi ambaye maandishi yake ni msingi wa yoga, mikao ya mwili ni hatua moja tu kati ya nane za njia ambayo mwisho wake ni ukombozi wa nafsi, na ukombozi huo si ule unaohubiriwa katika Injili. Mwaka 2010 Albert Mohler, mkuu wa seminari ya Wabaptisti wa Kusini mjini Louisville, Marekani, alisema kwamba Mkristo hawezi kuitenga yoga na mizizi yake, na mwaka huo huo Wahindu wa Hindu American Foundation, shirika la kutetea Wahindu huko Marekani, walikuwa wakilalamika kwamba yoga inauzwa huku asili yake ikifichwa. Pande hizo mbili, ambazo hazikubaliani kwa mengi, zilikutana hapo. Sinodi ya Kanisa la Kiorthodoksi la Ugiriki nayo ilitamka mwezi Juni 2020 kwamba yoga haipatani na imani ya Kikristo.

Hata hivyo, mikao mingi inayofundishwa leo ilipata sura yake katika karne ya 20, hasa mjini Mysore, kusini mwa India, katika miaka ya 1930, ambako mwalimu wa yoga T. Krishnamacharya aliwafundisha vijana wakati mazoezi ya viungo ya Kihindi na ya Kizungu yalikuwa yakichanganyika. Huko Encinitas, California, wazazi walipoishtaki shule ya umma kwa sababu ya yoga, jaji aliamua mwaka 2013 kwamba yoga ina mizizi ya kidini, lakini masomo yale, kwa jinsi yalivyofundishwa pale, hayakuwa ya dini. Mahakama ya rufaa ikakubaliana naye mwaka 2015. Naona busara katika uamuzi huo. Mkristo anayenyoosha mgongo wake anakula nyama ya sokoni, ila akiambiwa aimbe jina la mungu mwingine au ainamie sanamu, ameshaarifiwa kwamba ni sadaka, naye hana budi kuondoka.

Kuhusu kutafakari ninatofautiana zaidi na wahubiri wetu. Husema kwamba kutuliza mawazo ni kumwachia shetani nyumba tupu, wakinukuu Luka 11, ambako pepo aliyemtoka mtu hurudi na wenzake katika nyumba iliyofagiwa. Lakini Zaburi ya kwanza inamsifu mtu anayeitafakari sheria ya Bwana mchana na usiku, na watawa wa jangwa la Misri walirudia mstari mmoja wa zaburi mpaka ukawa sala ya moyo. Watawa wa Kiorthodoksi wa Mlima Athos, Ugiriki, walikaa wameinamisha kichwa, wakiambatanisha na pumzi zao maneno haya: “Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, unirehemu mimi mwenye dhambi.” Mwanafalsafa Barlaam aliwadhihaki kwamba wanaitafuta roho kitovuni, Gregorio Palamas, mtawa mwenzao, akawatetea, na mtaguso wa Konstantinopoli wa mwaka 1341 ukasimama upande wake. Vatikani nayo, katika barua iliyotiwa sahihi na Kardinali Joseph Ratzinger mwezi Oktoba 1989, ilikubali kwamba yaliyo mema katika mbinu za dini nyingine yanaweza kupokelewa iwapo sala ya Kikristo haipotoshwi, ikaonya kwamba utulivu wa mwili usidhaniwe kuwa faraja ya Roho Mtakatifu.

Inaniuma kwamba urithi huu haufundishwi. Ibada zetu nyingi hujaa vipaza sauti tangu wimbo wa kwanza hadi baraka, na mwumini mwenye kiu ya ukimya analazimika kuutafuta kwa mwalimu asiyemjua Kristo, kisha tunamlaumu kwa kwenda huko.

Paulo anawabana pia wenye uhuru, kwa kuwa alisema kwamba chakula kikimkwaza ndugu yake, hatakula nyama hata milele. Kwa sababu hiyo ninapinga pendekezo lolote la kuendesha darasa la yoga katika ukumbi wa kanisa, hata kama ni mazoezi matupu na mwalimu ni Mkristo, madhali kuna wazee wetu watakaoshindwa kusali humo Jumapili.