Muuza unga anapotafuta nyota tano

Tarehe 1 Oktoba 2013, katika maktaba ya Glen Park jijini San Francisco, maofisa wawili waliovaa kiraia walijifanya wapenzi wanaogombana. Ross Ulbricht alipogeuka kutazama, kompyuta yake ilinyakuliwa ikiwa wazi kwenye ukurasa wa msimamizi wa Silk Road, soko la siri la mtandaoni alilolianzisha. Tangu hapo mjadala umemwandama zaidi mwenye soko kuliko wachuuzi waliouza dawa za kulevya humo, na ukiuliza kwa nini hao walihamia mtandaoni, jibu la haraka ni tamaa na kujificha. Jibu hilo si la uongo, ila halitoshi, maana tamaa ipo hata kijiweni.

Kijiweni muuzaji ana wengi wa kuwaogopa kabla hajamfikia polisi: mwenye eneo lake, mnunuzi anayekuja na kisu badala ya fedha, mkopaji anayepotea, na bosi anayedai chake siku ileile. Silk Road, iliyofunguliwa mwaka 2011, ilizipunguza hofu hizo kwa mpigo mmoja. Malipo ya Bitcoin yalishikwa na soko hadi mzigo ufike, hakukuwa na kona ya kugombania, na bidhaa ilibebwa na mfanyakazi wa posta asiyejua alichobeba. Kilichobaki cha kulindwa ni jina, tena la bandia. Mnunuzi akilalamika kwamba bahasha imechelewa au uzito umepungua, maneno yake, pamoja na nyota alizompa muuzaji, yalisomwa na kila mteja aliyefuata. Ndiyo maana mtu ambaye mtaani angechanganya unga na chochote alikuwa na kila sababu ya kuomba radhi na kutuma mzigo mwingine. Nyota alizopewa zilikuwa mtaji ambao hakuna genge lingeweza kumpora.

Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya vipimo vya Energy Control, shirika la Uhispania linalopima dawa za kulevya: kati ya sampuli 219 zilizotumwa na wanunuzi wa masoko ya mtandaoni ya namna hiyo, asilimia 91.3 zilikuwa na kile kilichotangazwa. Nimeigeuza namba hiyo mara nyingi. Sampuli zilitoka kwa watu wenye hadhari ya kupeleka unga wao maabara, si kwa mwenye arosto saa nane usiku. Zile 19 hivi zilizobaki zingetosha kulifungia duka lolote la dawa. Tena kuwa halisi si kuwa salama: kokeini safi inaua vilevile, pengine upesi zaidi kwa aliyezoea iliyochakachuliwa. Hata baada ya kukatwa hivyo, namba hiyo bado inaonyesha kwamba kusema kweli kulimlipa muuzaji, jambo ambalo mtaani ni nadra.

Upande wa pili una makaburi. Ulbricht alipohukumiwa Mei 2015, waendesha mashtaka walitaja vifo visivyopungua sita walivyovihusisha na dawa za Silk Road, na wazazi wa waliokufa walisimama mahakamani. Waendesha mashtaka walitoa pia ushahidi kwamba Ulbricht aliagiza mauaji, ingawa hakuna aliyeuawa, na hapo sifa ya soko lisilo na damu inachafuka. Jaji Katherine Forrest aliikataa hoja ya utetezi kwamba soko hilo lilikuwa salama kuliko mtaa, akisema hakuna muuza dawa wa Bronx aliyewahi kumletea hoja ya namna hiyo. Neno hilo linachoma kwa sababu ni kweli: aliyeukimbia mtaa ni mwenye kompyuta na elimu, na wa kijiweni akabaki na kisu chake. Jaji alimpa kifungo cha maisha, na Rais Trump akamsamehe Januari 2025.

Usalama wenyewe ulikuwa wa kuazima. Machi 2015 waendeshaji wa Evolution, soko jingine la aina hiyo, walitoweka na fedha za wauzaji na wanunuzi. Mwaka 2017, soko la AlphaBay lilipofungwa, wauzaji wengi walikimbilia soko la Hansa, ambako walipokewa kama kawaida, bila kujua kwamba kwa wiki kadhaa soko hilo lilikuwa likiendeshwa na polisi wa Uholanzi.