Vita Bila Shujaa: Ushahidi au Mapambo?

Vatican, katika picha ya ukutani ya vita vya Konstantino, mfalme wa Roma, iliyochorwa na Giulio Romano na wasaidizi wake kati ya 1520 na 1524, mshindi anajulikana papo hapo: mfalme yuko katikati juu ya farasi, na adui yake Maxentius anazama mtoni. Karne moja baadaye mchoraji Aniello Falcone wa Naples alimwondoa mfalme. Katika picha yake ya 1631, ambayo sasa iko katika makumbusho ya Louvre, Paris, Waturuki na Wakristo wanauana bila jemadari wala dalili ya nani atashinda. Mwanahistoria wa sanaa Fritz Saxl aliziita kazi za namna hii vita bila shujaa.

Je, ni ushahidi wa vita vya zama zile? Wanaokubali wanamtaja Jacques Courtois, maarufu kwa jina la Borgognone, aliyefuatana na jeshi la Wahispania huko Milano kabla ya kujulikana kwa uchoraji. Askari wake wa farasi hufyatua bastola wakiwa wamekaribiana mno, na ndivyo ilivyokuwa, maana risasi ya bastola ikitoka mbali ilishindwa kutoboa dirii.

Wanaopinga wanaonyesha kanuni ya karakana za wachoraji: farasi mkubwa kivulini upande mmoja wa mbele, pambano kwenye mwanga katikati, milima ya samawati nyuma. Moshi nao uliokoa kazi, kwani kwa brashi chache ulifunika kikosi kizima. Salvator Rosa, katika picha kubwa ya 1652 aliyopewa Louis wa 14, mfalme wa Ufaransa, aliweka magofu ya kale na vita visivyo na jina.

Kwangu hoja ya pili ina nguvu zaidi kuhusu mpangilio, lakini haigusi mikono na silaha alizochora Courtois. Linalopotosha pande zote mbili ni giza la picha hizi. Wachoraji wengi walipaka kwanza tabaka la msingi la kahawia-nyekundu, kisha rangi nyembamba juu yake. Kadiri mafuta yaliyochanganywa na rangi yanavyozeeka, rangi hupitisha mwanga zaidi na msingi hujitokeza. Vivuli vya kati humezwa, na rangi nyeupe iliyotengenezwa kwa madini ya risasi pekee hubaki iking'aa kwenye ubavu wa farasi na ncha za silaha. Turubai jipya likibandikwa nyuma ya lile la zamani kwa gundi na pasi ya moto, rangi nene iliyoinuka hubonyezwa ikawa bapa. Kwa hiyo sehemu ya ule utisho tunaousifia imeletwa na miaka, pamoja na mafundi wa ukarabati.